Yaya, Safari Hii Sikusimama

Dada yangu mkubwa, yaya Ngalula,

Natumaini karatasi hii imekufikia ikiwa kavu, maana mimi mwenyewe siku hizi sikauki. Habari za hapo Kikula? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unaosha mawe ya madini huku umejikunja? Na mama, kikohozi kimemwacha? Mimi huku Livingstone ni mzima, nakula vizuri, na mabega yamenitoka kama ya mbeba magunia. Sikupiga simu kwa sababu kila nikitaja mto mama anakunyang'anya simu. Mara ya mwisho alinifokea: « Ile maji iko na mamba, iko na mapepo, na weye iko na mama moja tu! » Kisha akaanza kuniombea mpaka uniti zikaisha. Basi soma hii peke yako kwanza, halafu umsomee pale unapoona panafaa.

Unajua nilikuja Zambia kupiga pasi mashuka ya wageni wa hoteli. Lodji yetu iko karibu na korongo ambamo Zambezi unapita ukishaanguka kwenye maporomoko, na hapo nikaona maajabu. Watu wazima wanalala kifudifudi juu ya ubao mwepesi wenye vishikio viwili, wamevaa kofia ngumu na mapezi ya mpira miguuni, wanajiachia kwenye maji makali. Kwa hiari yao, yaya! Nilisema hawa watu hawana mama. Ila Ba Mwape, mkubwa wa waongozaji wa mtoni, alikuwa anatafuta mtu anayejua Kifaransa na Kiswahili, wa kuwaongoza wageni wanaotoka kwetu. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Unanijua.

Na nikaupenda ule mto, nasema bila aibu. Wimbi linakuja juu kuliko paa la nyumba yetu, unaliingia kwa kichwa, linakutikisa kama mawe kwenye tamisi letu la kuchekechea, kisha linakutema upande wa pili, jua usoni, nawe unacheka peke yako kama mwehu. Tangu nizaliwe sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka kazi hii. Lakini huwi mwongozaji mpaka ushinde mtihani. Unaingia kwenye maji makali na ubao wako, katikati unapigiwa filimbi uuachie, na sehemu iliyobaki unaimaliza kwa mwili wako tu, bila ubao.

Mtihani wa kwanza nilishindwa, na kosa ni lako. Usinikasirikie, ngoja nieleze.

Unaukumbuka ule mwaka wa mvua nyingi kule Lufira, mimi ndiyo kwanza najifunza kushika tamisi? Mto ulijaa ghafla ukaninyakua. Wewe ulinishika kitenge, ukapiga kelele: « Simama, Odette! Piga miguu kwa chini! Weye, usiache chini! » Nikakanyaga kwa nguvu zote, nikasimama, tukatoka tumekumbatiana kiunoni, tamisi letu limekwenda na maji. Tangu siku ile miguu yangu inajua amri hiyo moja. Wanawake wote wanaoosha mawe kwetu wanaijua. Maji yakivuta, unachimbia miguu.

Huku amri ni kinyume. Ba Mwape ameisema mpaka koo limemkauka: ukiachana na ubao, lala chali, miguu juu itangulie, na usisimame kamwe mpaka maji yatulie. Chini kuna mawe yenye nyufa. Mguu ukinasa, maji yanakusukuma mgongoni, yanakulaza kifudifudi, na huinuki tena. Mimi nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Siku ya mtihani nikauachia ubao, nikalala vizuri kabisa, halafu kisigino kikagusa jiwe. Hapo nikakusikia wewe, yaya, na sauti yako ile ya kugombana sokoni: simama! Nikasimama. Mguu ukanasa. Maji yakanikunja kama shuka, nikauona uso wa mama. Ba Mwape aliruka akiwa na kamba kiunoni, akanishika mabega ya jaketi la kuelea, akanichomoa. Pezi moja liko huko chini mpaka leo.

Aliponikalisha mchangani aliniuliza kwa Kibemba nani alinifundisha kusimama mtoni. Nikamwambia ni dada yangu, na nikamsimulia habari ya Lufira. Akasema, « Dada yako alikuwa sawa kwa mto wenu. Kwa mto huu atakuua. » Akanipa wiki tatu na mtihani mmoja tu. Nikishindwa tena, narudi kwenye pasi moja kwa moja.

Basi kila asubuhi, kabla ya mashuka, alinipitisha kwenye maji mafupi ambapo visigino vinagonga kokoto kila hatua. Wiki ya kwanza nilisimama kila mara, akawa ananicheka mpaka machozi. Chumbani nililala miguu nimeiegemeza ukutani ili izoee, na mwenzangu Chola alidhani nimeingia kanisa jipya.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Filimbi ikalia, nikauachia ubao. Niliogopa, sikufichi. Wimbi la kwanza likanifunika, la pili likanigeuza, nikarudi chali. Kisha kisigino kikagusa chini. Na wewe ukaja, yaya, kwa sauti ileile: simama, Odette! Miguu yangu ikaanza kushuka. Maisha yangu yote sijawahi kukukatalia neno, hata kuteka maji wakati zamu ni yako. Nikalia humohumo majini, nikasema kwa sauti, « Hapana, yaya. » Nikainua miguu. Mto ukanibeba mpaka pale unapotulia, Ba Mwape akanipa mkono akasema naanza kazi Jumatatu.

Nisamehe kwa kukukatalia.

Nisalimie mama, na umwambie mamba sijawaona ila wadogo. Nisalimie tonton Kalala, kaka yake mama, wa kule reli ya Shituru, na mke wake. Nisalimie mama Esther jirani yetu wa kwaya, valizi ya nguo aliyonipa bado ni nzima. Na wenzetu wa kuosha mawe, wote.

Wewe ukiingia majini kesho na tamisi lako, simama vilevile unavyojua, mawe yanataka miguu. Lakini kama siku moja chini ikikukimbia, lala chali, inua miguu, tazama mbele. Usiponisikia sitakasirika. Sasa najua kuikatalia miguu ni kazi gani.

Mdogo wako mkaidi, aliyekusikia vizuri sana,
Odette