Udongo wa Bibi Bhoke Juu ya Zege

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika.

Leo nimemwambia bosi ukweli.

Bosi wangu ana mashimo ya dhahabu hapa Nyangoto. Mimi ni karani wake. Shimo la kwanza alilichimba kwenye shamba la mama yake mzazi, Bibi Bhoke, kisha akamjengea nyumba ya zege yenye paa bapa. Kabla ya uchimbaji, Bibi aliwahi kuokoa udongo wa juu wa shamba kwenye magunia. Mwezi uliopita akaomba umwagwe juu ya paa la chumba chake, apande wimbi, yaani ulezi.

"Wewe umesoma," bosi aliniuliza. "Paa litabeba?"

Nikasema litabeba, udongo ukapandishwa. Niliona aibu kusema sijui.

Na paa lile nililipenda. Ofisi yangu imepakana na chumba chake, chini ya zege tupu. Mchana kwangu ni tanuri. Kwa Bibi, chini ya udongo, kuna ubaridi kama wa nyumba ya nyasi. Nikawa natafuta visingizio vya kwenda kumwamkia.

"Shikamoo ya tatu hii, mura, kijana wangu," alinitania. "Unaniheshimu au unakimbia joto?"

Juzi nikafungua ramani ya nyumba. Zege lile lilihesabiwa kubeba watu wachache wanaoanika nguo. Udongo haukuwemo, sembuse udongo uliolowa, usio na njia ya kutoa maji. Nikanyamaza siku mbili nzima. Leo baada ya mvua nimeona ufa mwembamba darini, juu ya kitanda cha Bibi.

Nimekimbia kwa bosi, nikamweleza yote.

"Si ulisema litabeba!" amefoka.

Bibi akatokea mlangoni. "Usimfokee. Shamba langu ulilichimba bila kuuliza mtu. Huyu angalau amerudi kusema."

Bosi akaita mafundi. Wakaegemeza dari kwa miti, kisha bosi akavua viatu, akapanda ngazi na beseni kuteremsha udongo yeye mwenyewe. Mimi nikawa napokea chini.

"Mwageni taratibu," Bibi akasema. "Hilo ni shamba."

Tumemwaga taratibu.

Kwa sasa Bibi amehamia ofisini kwangu, kwenye joto. Nimemfungulia madirisha yote, hata lile linalokwama.

Kesho anakuja mhandisi kutoka Tarime kuona kama tunaweza kujenga chumba kingine, chenye zege nene na mifereji, kilichohesabiwa tangu mwanzo kubeba udongo uliolowa. Nisichokielewa nitauliza, mbele ya bosi, kwa sauti.