Anayetembea Nyuma

Kambini Kigamboni,
Jumapili.

Mjomba Athanas,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi kwa kuwa mvua zimekatika. Mimi ni mzima, ila joto la huku bado linanitesa. Ningekupigia simu, lakini yako haishiki mtandao mpaka upande juu kwenye migomba, na haya si maneno ya kupigiana kelele. Najua Dada Eufrazia ndiye anayekusomea. Dada, salamu zako zipo, tulia kwanza.

Habari kubwa ni kwamba nimeitwa kwenye usaili Alhamisi hii inayokuja. Miaka yote nimekuwa baharia wa kufunga kamba na kusugua sitaha. Sasa wanatafutwa watakaokwenda kusomea uofisa, na mkuu wangu amepeleka jina langu. Anayeninoa ni Sajini Mwanvita, mtoto wa Kihonda, jirani na kwetu. Kila jioni ananikalisha bwaloni, yeye anajifanya jopo zima. Anasema nakaa kama mtu anayesubiri pilau msibani, na nikiulizwa jina langu natazama viatu. Sare nimeipiga pasi mpaka naogopa kuivaa.

Juzi aliniuliza kiongozi anakaa wapi watu wake wakiwa safarini. Bila kufikiri nikajibu kwamba anakaa nyuma. Wenzangu waliokuwa wakinywa chai walicheka sana. Mwanvita hakucheka, alitaka nieleze. Hapo nikajikuta huko kwetu, Mjomba, asubuhi ya ukungu, tunashuka na ndizi na magimbi kwenda sokoni Mkuyuni, kaptula yangu imelowa umande. Wewe uko nyuma kabisa na mkungu begani, nami nalalamika kwamba kwa mwendo wako tutakuta soko limevunjika. Kisha Dada akateleza kwenye mawe ya mtoni, na mkono wako ukawa umeshamdaka kabla hajapiga kelele. Ulituambia mkubwa hutembea nyuma, kwa sababu aliye mbele haoni nani ameanguka. Nilikumbuka hata harufu ya mdalasini kwenye shati lako. Nilimaliza kueleza, nikaenda kunawa uso.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ulipotuma neno kwamba baada ya mavuno utakabidhi usimamizi wa mashamba ya ukoo, na kwamba anayengojwa ni mimi, mtoto wa dada yako, niliitikia tu. Mkataba wangu hapa unaisha mwakani. Nikikosa Alhamisi, narudi nyumbani kama ulivyopanga. Nikipita, nitakuwa mtu wa jeshi mpaka uzeeni. Kwa hiyo kinachoninyima raha si kufeli, Mjomba, ni kufaulu. Najua umenitunzia nafasi hiyo tangu Mama alipofariki, na kila nikifikiria milima yetu moyo unaniuma. Lakini nimeamua. Nitaingia chumba kile nikitaka kupita kwa moyo wangu wote.

Mashamba mpe Eufrazia. Dada, usiruke hapa, soma kama nilivyoandika. Yeye ndiye anayejua mpaka wa kila shamba, ndiye aliyebaki kulima wakati mimi nikisugua sitaha huku pwani. Na kwetu ardhi hupita kwa akina mama, naye tumetoka tumbo moja, basi sioni tutakuwa tumevunja nini. Wazee wakinuna, waambie lawama ni zangu, nikija likizo nitaketi mbele yao wanisute mpaka wachoke.

Nisalimie majirani wote. Mwanvita naye anakuamkia, anasema magimbi yako ameyasikia vya kutosha, sasa anataka kuyala. Naomba radhi yako kabla ya Alhamisi, hata kwa neno moja la simu kutoka migombani.

Na mkishuka tena Mkuyuni, mwache Dada atembee nyuma. Wewe tangulia, Mjomba, polepole na goti lako. Ukiteleza, atakudaka.

Ni mimi mpwa wako,
Koplo Shukuru