Kuku Mweusi wa Saburi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Saburi ameumwa. Na panya! Panya nimemtia mwenyewe ndani ya sanduku lake la kioo, nikaenda kuteleka chai. Niliporudi, damu kwenye kioo. Jeraha liko juu ya jicho la kushoto, refu, nyama inaonekana. Panya amejikunyata pembeni, mzima kabisa, anajilamba miguu.

Nimempigia Kyalo. Yeye ndiye aliyenipa huyu chatu alipokuwa hazidi mkanda wa suruali, na kazi yake ni kutunza nyoka wa maonyesho. Hakunihurumia. Amesema chatu akiwa hana njaa, panya hungoja, kisha huanza kumtafuna. Nisimpe tena kitu kilicho hai. Niue kwanza, nipashe kwa maji moto, nishike kwa koleo nichezeshe kama kinatembea.

Niue. Maabarani natoa watu damu kutwa nzima na mkono hautikisiki. Panya yule nimeshindwa. Nimemwachilia mtaroni.

Jumatano, 6 Agosti

Kyalo anasema kwa ukubwa wa Saburi hata kuku atafaa. Nimepita Marikiti nikitoka kazini. Muuzaji alibakiwa na mmoja, mweusi. Nilikuwa nimechoka, nikamchukua tu.

Bi Shukri, mwenye nyumba, alikuwa kibarazani. Kuku anapiga kelele, mimi nimeduwaa na salamu zake ndefu. Aliponiuliza, "Yeo wapika nini?" nikasema kuku wa kupaka. Uongo wa kipumbavu! Nyumba hii kila mtu anajua chungu cha mwenzake kwa harufu, na anayepika kuku hushusha bakuli kwa jirani. Mimi sipiki wala sishushi.

Bi Shukri habari za Saburi hazijui. Hakuna anayezijua hapa. Kibali cha kumfuga ninacho, lakini kibali humwonyeshi mtu akiwa keshaanza kukimbia. Chatu chumbani kwa Mgiriama asiye na mume! Kule kwetu babu yangu aliitwa mchawi akakatwa mapanga kwa kosa la kuwa na mvi na macho mekundu. Waliomkata walikuwa wakimwamkia kila asubuhi.

Nimemuua kuku bafuni. Nimemvunja shingo, kama nilivyoelekezwa. Amekufa upesi kuliko nilivyodhani. Nimelia, kisha nikaona haya.

Saburi hakumtaka. Nimempasha, nimemchezesha mpaka mkono umekufa ganzi. Anatoa ulimi, ananusa, anageuza kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuku ameanza kunuka. Nimemtia kwenye mfuko wa taka, nikaushusha uchochoroni.

Jumamosi, 9 Agosti

Paka! Nawachukia paka wote wa Mji wa Kale.

Wameurarua mfuko. Asubuhi kuku alikuwa amelala mbele ya mlango wa Bi Shukri. Mweusi, mzima, na manyoya yake yote. Hakuchinjwa, hakuliwa, shingo imevunjwa. Nilikuta wanawake wamesimama mbali kidogo, hakuna anayegusa. Mmoja akasema ni kafara. Mwingine akasema kuku wa kafara huwa na mwenyewe. Sabir, mwanawe Bi Shukri, alimzoa kwa sepetu akaenda kumtupa baharini, huku anasoma dua chini kwa chini.

Nilisimama pale na kikapu changu. Ningesema nini? Huyo ni kuku wangu, nilimuua kwa kumhurumia nyoka?

Bi Shukri hakunitazama. Lakini yeye ndiye aliyeniona nikipanda ngazi na kuku yule.

Jumapili, 10 Agosti

Mtoto wa Sabir ameshikwa na degedege.

Nimesikia mayowe nikashuka mbio. Nikawaambia wamvue nguo, wamlaze ubavu, waende hospitali sasa hivi. Mama yake alimpokonya mikononi mwangu. Mtoto huyu nimembeba tangu ana siku saba! Hospitali wameenda, hilo nashukuru. Mimi hawakunitaka garini.

Wazee wa hapa degedege wanaiita nyuni. Ugonjwa wa ndege, wanasema, ndege ndiye anayemshika mtoto. Na ndege mtaa mzima umemwona jana.

Jumanne, 12 Agosti

Ni malaria. Amelazwa. Mwenye duka la chini kaniambia Sabir amekubali kuwa ni malaria, lakini anauliza nani aliyeituma.

Salamu zangu haziitikiwi. Leo nimekuta ngazi imemwagiwa chumvi ya kufukuza wachawi, kutoka mlango wangu mpaka chini. Nimeikanyaga, kazini nitafikaje?

Nihame? Nikihama sasa nimekiri.

Saburi amekonda, uti wa mgongo umechomoza. Jicho la kushoto limefumba na kidonda kinatoa maji. Nimejaribu tena, paja la kuku kutoka buchani, la moto. Kalipita kama jiwe. Kyalo anasema asipokula, kidonda kitamshinda.

Naogopa. Mchana naogopa, nikiwa na hadubini mbele yangu naogopa.

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Shukri amepanda mwenyewe, na magoti yake yale yanayomuuma. Hakukaa. Ameuliza swali moja: kuku yule alikuwa wa nini?

Nimemwambia kweli yote. Kisha nimefunua kitambaa cha sanduku.

Hapo ndipo alipokaa, kitandani kwangu. Halafu: "Miaka yote hii nalala chini ya nyoka, Dama. Na chakula changu ukila."

Nimemwomba radhi, nimempigia magoti. Nimemwonyesha kibali, hakukitazama. Anasema yeye karibu aniamini. Lakini mtaa hautamwamini yeye.

"Nataka nimuone akila, kwa mato yangu. Na Sabir aone, na wenziwe waone. Akila, ni mnyama kama paka. Asipokula, watasema ni jini, mwanangu, na mimi sina la kukutetea."

Kesho, wakitoka sala ya Ijumaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikwenda kazini. Bi Shukri ameleta kuku mwenyewe, mweupe, amefungwa miguu. Amemwacha mlangoni.

Nimuue? Saburi amekataa vilivyokufa mara mbili. Akikataa cha tatu mbele yao, watakuwa wameona kuku wa shingo iliyovunjwa asiyeliwa na mtu wala mnyama. Mambo ya Jumamosi yale yale, safari hii mikononi mwangu.

Nimtie hai? Akiwa hai huenda atamkamata. Joto, mwendo, njaa anayo. Lakini kuku hudonoa, na hudonoa kila kilicho chekundu. Saburi amebaki na jicho moja.

Nimemwandikia Kyalo. Amejibu neno moja: usithubutu. Ni rahisi kwake, si kwake watakakopanda.

Msikitini wameshatoka, nasikia viatu kichochoroni. Wengi. Sikudhani watakuwa wengi hivi. Sabir yumo, ile sauti ni yake.

Nimemfungua kuku miguu. Nimemtia hai. Nisamehe, Saburi, nimeogopa watu kuliko nilivyokuonea huruma.

Kuku anatembea juu ya maranda ya sandukuni, anakung'uta mbawa. Saburi ameinua kichwa. Haoni upande ule, kuku yuko upande ule. Geuka. Geuka, mama!

Bi Shukri anawaambia wavue viatu. Ngazi inalia.

Kuku amesimama. Ameinamisha kichwa, anakitazama kidonda.

Wamepiga hodi. Nimeitika karibuni.