Mlango wa Garaji wa Tonton Deo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimezunguka tena. Barabara ndogo nyuma ya Chaussée de Wavre, naenda, narudi. Huku lori linashusha ndizi na mihogo, kule magari ya wakaaji. Kadi ya wauguzi kwenye kioo inanisaidia nisilipe. Haitengenezi nafasi. Mwisho nimeegesha mbali kabisa, nikakimbia na begi la dawa.

Maman Sifa, mgonjwa wangu wa kwanza kila asubuhi, alikuwa ameketi kitandani, mkate mbele yake, hajaugusa. Hali kitu kabla sijampima sukari na kumchoma sindano. Ananingoja na njaa. Aliniangalia, akasema: "Kumbe unakuyaka na miguu toka Goma?"

Nimecheka. Ndani sikucheka.

Jumanne, 7 Oktoba

Shefu, mkuu wangu wa kazi, amepiga simu. Nikichelewa kwa Maman Sifa, nachelewa kwa wote wanaofuata, na wagonjwa wa Uccle, mtaa wa matajiri, wanalalamika. Kwao naegesha chini ya miti, mbele ya geti, kama bibi harusi. Amesema mwisho wa mwezi, kama hakuna kilichobadilika, anamtoa Maman Sifa kwenye mzunguko wangu. Nikauliza nani atamchukua. Hakuna. Timu nyingine hazitaki ule mtaa, sababu ni hiyo hiyo.

Donc, atapelekwa nyumba ya wazee. Mtoto wake anayekaa Liège ameshasema hivyo.

Ila tangu apate kiharusi, Kifaransa kimemtoka Maman Sifa. Chote. Kimebaki Kiswahili. Kule ataongea na nani? Ataomba maji, watampa blanketi.

Sikubali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimepata dawa ya kuegesha. Jirani yake Maman Sifa, mlango unaofuata, ni Tonton Deo. Mzee wa Bukavu, aliendesha tramu ya mji huu miaka mingi, sasa macho yamekwisha. Ana garaji. Hapa mtu akibandika namba ya gari lake kwenye mlango wa garaji, anaegesha mbele yake yeye peke yake. Plaque ya Tonton, kibao chenye namba yake, ipo, imepigwa misumari. Gari halipo. Watoto wake waliliuza. Ile nafasi inakaa wazi kila siku, mimi nazunguka kama kichaa!

Nikamsalimia kwa Kiswahili. Akasimama.

"Weye njo ule mwenye kuendesha sawa muntu wa pikipiki? Nakusikiaka kila asubui."

Nikamweleza. Hakufikiri sana. "Bon. Parke hapa. Mulango ni yangu."

Nimemshika mikono yote miwili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefika mapema. Maman Sifa amekula mkate ukiwa bado moto. Kidonda cha mguu kinaanza kukauka. Baba Neema, mume wangu, amerudi na lori lake, tumelala kama magogo, Neema katikati.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetoka kwa Maman Sifa, gari hakuna.

Nilidhani limeibwa. Kumbe polisi wamelivuta. Tonton alikuwa kwa daktari wa macho. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara aliona gari geni mbele ya garaji, akadhani namzibia mzee njia, akapiga simu. Alikuja kunieleza mwenyewe, anajivunia. Kisha akaniona uso. Alitaka kulia yeye.

Polisi hawakuwa na maneno mengi. Namba yangu haiko kwenye mlango. Ruhusa ya mdomo si kitu. Mimi na Tonton tulipatana kama watu wa nyumbani, neno limetoka limetosha. Hapa lazima mlango ndio useme.

Wagonjwa waliobaki nimewazungukia kwa basi. Crèche, kumchukua Neema, nimefika nimechelewa. Neema alikuwa wa mwisho, amevalishwa koti, amekaa kwenye benchi peke yake. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimelikomboa gari. Sitaki hata kuandika kwa kiasi gani.

Nimemwendea Tonton. Nimesema, tubandike namba yangu chini ya yako. Ya kwako haitoki. Sheria inakubali.

Amekataa.

"Plaque ya muntu mwingine ku mulango yangu? Batu batasema nimeuzisha nyumba. Ama nimekufa."

Akafunga.

Nilikasirika. Jioni, nikimwogesha Neema, nimeelewa. Siyo watu anaoogopa. Ile namba ndiyo kitu pekee kilichobaki cha gari lake. Ya kwangu ikikaa pale, mlango utakuwa na dereva mwingine.

Namhurumia. Lakini huruma yangu haimlishi Maman Sifa. Nitarudi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya. Nimeegesha mbali, mvua, nimechelewa sana. Maman Sifa alikuwa anatetemeka, jasho, maneno hayatoki. Nimepima, sukari imeshuka chini. Nikampa juisi kidogo kidogo, nimemshika kidevu. Amerudi.

Nimempigia shefu, lazima nimwambie. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu: "Unaona mwenyewe."

Ndiyo, naona mwenyewe. Naona garaji tupu ukuta wa pili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku yangu ya kupumzika. Nimemfunga Neema mgongoni, nikaenda kugonga kwa Tonton. Sikuomba kitu. Nimesema tu: "Tonton, twende tusalimie jirani." Nimemshika mkono ili asijikwae kwenye ngazi.

Walikuwa wanasali pamoja zamani. Tangu kile kiharusi, Tonton hajakanyaga kwake. Aibu, nadhani. Au woga. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Maman Sifa alimwangalia kutoka chini hadi juu. Ulimi wake ni mzito siku hizi, lakini leo ulitoka wote.

"Deo. Gari hakuna. Macho hakuna. Mulango njo uko nachunga?"

Nikataka kujificha. Kisha mabega ya Tonton yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Ule mwanamuke," akaniambia, "kiharusi kilikosea. Kilipashwa kukamata ulimi."

"Kilijaribu!" Maman Sifa akajibu.

Wamepiga stori mpaka Neema akalala. Kwenye ngazi, wakati wa kushuka, Tonton akasema bila kunigeukia: "Yangu inabakia juu."

"Ndiyo, Tonton."

"Juu kabisa."

Jumatatu, 20 Oktoba

Duka moja la Chaussée de Wavre limenitengenezea nakala ya plaque ya gari langu. Mimi nimetoboa mlango, Tonton amepapasa kwa vidole kama imenyooka. Haikunyooka. Akanifanya niitoe, nianze upya. Mama wa ng'ambo ameleta kahawa, anaomba msamaha mara ya kumi.

Nimemtumia shefu picha. Ya Tonton juu, yangu chini. Amejibu kwamba Maman Sifa anabaki kwangu. Neno la pongezi hakuna. Sihitaji.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua ndogo. Nimeegesha, nimezima gari, nimepanda.

Sukari sawa. Sindano. Mkate, yai, chai. Nimemwosha mgongo kwa maji ya moto, polepole. Kidonda safi.

Muda ulibaki. Sikujua nifanye nini nao. Nimechukua kitana, nimeketi nyuma yake kitandani, nimeanza kumsuka. Nywele zake ni laini kama za mtoto. Alifumba macho.

Nimemaliza upande mmoja. Upande wa pili kesho.