Jiwe la Galapagos

Mama Masika wangu,

Huko nyumbani Bwera mko salama? Huku visiwa ni mawe meusi ya volkano, na joto lake ni la kwetu Kasese kabisa. Jana tuliposhuka melini, simba wa bahari alikuwa amelala katikati ya njia. Mkono wangu, uliozeeka ukifukuza nyani shambani, ukaokota jiwe kabla sijafikiri. Masika wetu, aliyeniombea nafasi ya kusafiri kwenye meli anakopika, akaninong'oneza: “Baba, weka hiyo jiwe chini. Huku mnyama haguswi. Ukirusha, mimi sina kazi.”

Nikaliweka. Nikakaa nusu saa kungoja mnyama aamke, watalii wakinisifu kwamba napenda wanyama. Sikuwasahihisha.

Nyani wakija kwenye mahindi, warushie na jiwe moja kwa niaba yangu.

Nakukumbuka, hata kelele zako.

Baba Masika