Yule Bwana wa Picha za Treni

Jumanne, Shituru, Lubumbashi

Hapana, yule bwana hapendi treni hata kidogo. Amekuja mchana akisema anakusanya picha za zamani za reli, nikamtolea ile ya marehemu mume wangu, dereva wa treni ya kampuni, akiwa mbele ya lokomotivu yake. Nikamsimulia nilivyokuwa nikisikia honi yake kutoka mbali na kuanza kumsongea bukari, ugali wetu. Hakuwa akinisikiliza.

Aliipiga ile picha kwa simu mara tatu. Nikachungulia simu yake: mume wangu hayumo, lokomotivu haimo. Amekuza nyumba yetu tu, hii tuliyopewa na kampuni, inayoonekana nyuma.

« Mama, hii nyumba iko ku jina ya nani? »

« Iko ku jina yangu, » nikamujibu bila kupepesa macho.

Karatasi ya nyumba sijawahi kuiona. Marehemu alisema iko, na mimi sikumuuliza wapi.