Sahihisho Chini ya Tangazo la Sabuni

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na yule jirani mwenye redio ya makelele bado hajahama? Sisi hatujambo. Mimi nimezidi: mwezi wa tatu huu ndani ya ndoa, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni nakimbilia kioo. Cheka tu.

Siku hizi namsaidia kazini kwake maktaba. Chumba chao kiko chini ya ngazi, hakina dirisha, kimejaa magazeti ya wakati wa vita. Yeye huyapiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla hayajawa unga, mimi nageuza. Siku ya kwanza nilipiga chafya nikachana ukurasa wa michezo, akasema nimemuua mlinda lango. Mama, anavyoinua karatasi kwa vidole viwili, kama anamtoa mtoto mchanga kitandani, ananimaliza kabisa.

Na magazeti yenyewe ni uhondo. Leo jeshi letu limesonga mbele. Kesho limesonga mbele tena, ila ukitazama ramani liko nyuma ya mji wa jana. Pembeni wanatangaza kofia za harusi. Namuuliza maswali mpaka anasahau kula.

Lakini kuna swali nililokuwa naliogopa. Aliniahidi zawadi ya ndoa: kumtafuta babu humo ndani. Nawe unajua tulivyolelewa. Bibi alisomewa gazetini jina la mumewe kati ya askari waliotoroka, wewe ukiwa tumboni, na tangu hapo gazeti halikukanyaga nyumba yake, hata la kufungia chumvi. Shuleni wakakuita mtoto wa mtoro.

Jumanne tukaikuta orodha. Babu ni wa saba: mpishi wa kikosi, mrefu, kovu juu ya jicho la kushoto. Mume wangu akasoma, akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nikamwomba tufunge jalada, akasema magazeti ya vita yalikosea ukurasa wa kwanza na kujisahihisha huko nyuma ambako hakuna anayesoma. Akaendelea kufunua. Siku mbili, Mama, bila kuniuliza neno.

Alhamisi, toleo la wiki tano baada ya ile orodha, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la sabuni, kwa herufi za kuumiza macho: “Mpishi aliyetajwa wa saba katika orodha yetu ya watoro hakutoroka. Alifariki kwa homa katika hospitali ya jeshi siku nne kabla ya orodha hiyo kutoka, akazikwa makaburi ya hospitali hiyo, safu ya nne. Tunasikitika.”

Basi. Imekaa hapo miaka yote, na kwetu hakuna wa kuisoma. Hakutoroka, Mama. Aliugua tu.

Sasa lile ninaloona haya kuliandika. Tulipokuwa wachumba nilimwambia mume wangu kwamba babu aliuawa akilinda daraja, akazikwa kwa mizinga ya heshima. Niliogopa ataniacha. Nikakuingiza na wewe, nikasema ndivyo ulivyonisimulia. Alhamisi hiyo nilimwambia yote, nikilia juu ya meza yake. Kwanza alisogeza gazeti lisilowe, ndipo akanishika. Akasema, “Mimi nimepata babu mkwe mpishi. Daraja la nini?”

Nisamehe, Mama. Si kwa daraja tu. Hata kwa kukuonea aibu miaka yote hii.

Makaburi yapo, mwendo wa saa moja tu kwa basi kutoka hapa. Nilitaka twende siku ileile. Mume wangu akakataa. Anasema babu ana mtoto mmoja tu, naye hajawahi kufika mbele ya baba yake. Sisi wajukuu tutakaa nyuma. Picha ya yale maandishi iko ndani ya bahasha hii, na kitanda cha wageni nimeshakitandika. Taja siku, tuje stendi kukupokea.

Mkweo anakuamkia, anauliza unapenda mto mmoja au miwili.

Ni mimi,
Kitindamimba wako